Kushindilia kolamu ya kapilari mwenyewe: kuanzia kukata mrija hadi kupima kilele

Kolamu ya kapilari ni mrija mwembamba uliojazwa unga, unaotenganisha kemikali zinazopita ndani yake kwenye kimiminika; mbinu hiyo ndiyo kromatografia. Tundu la kolamu ya mikroni 75 lina upana wa unywele. Ikiwa na urefu wa sentimita 15, ujazo wake wote ni mikrolita 0.66, na unga wa silika unaoijaza haufiki nusu miligramu. Ukiagiza iliyotengenezwa kiwandani utalipa mamia ya dola na kungoja mzigo ufike, halafu sampuli chafu moja inaweza kuiziba siku ya tatu. Ukishindilia mwenyewe, gharama yake inashuka hadi bei ya mrija na unga kidogo, na ikiziba unatengeneza nyingine mchana huohuo.

Mwongozo huu unafuata kolamu moja tangu mwanzo hadi mwisho: mrija wa silika wenye upana wa ndani wa mikroni 75 na wa nje 360, chembe za C18 (silika iliyovikwa minyororo ya kaboni 18) za mikroni 3, urefu wa sentimita 15, friti ya silikati (kizibo cha mwishoni kinachozuia chembe), na shinikizo la gesi la baa 100. (Baa hapa ni kipimo, wala si pale unapofikiria.) Ni aina ya kolamu inayotumika kutenganisha peptidi, yaani vipande vya protini, kabla hazijaingia kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Nimeharibu nyingi za aina hii, na karibu zote ziliharibikia kwenye ncha: ncha iliyokatwa vibaya, friti nene, mdomo ulioziba, pengo lililobaki penye kiungio. Katikati ya kolamu huwa panajijenga penyewe usipopavuruga, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yangu ni ya ncha.

Kinachofanya kolamu iwe nzuri

Molekuli za aina moja zilizoingia pamoja zinapaswa kutoka pamoja. Zikikuta njia ya mkato upande mmoja na msongamano upande mwingine, zinaachana, na kilele, yaani nundu inayochorwa na kifaa cha kupimia dutu inapotoka, kinatanuka. Mfikirie muuza mchele sokoni: asipolitikisa debe mchele unakaa kwa mapengo, akilitikisa unashuka. Hata hivyo punje zilizogusa bati la debe hazipangiki kama za katikati, kwa sababu ukuta ni bapa na punje haziingiliani nao. Kolamu iko hivyohivyo. Tofauti ni kwamba katika mrija wa mikroni 75 chembe za mikroni 3 zinapangana kama 25 tu kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo molekuli iliyo pembeni inafika katikati upesi na tofauti za njia zinasawazika. Mwaka 1989 watafiti Kennedy na Jorgenson walishindilia mirija ya mikroni 20 hadi 50, wakaonyesha kuwa kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo kolamu inavyotenganisha vizuri zaidi.

Ukubwa wa chembe unaamua shinikizo. Kolamu yetu ikipitisha maji kwa nanolita 300 kwa dakika itadai takriban baa 190. Weka chembe za mikroni 1.9 mahali pa zile za 3, na urefu uleule utadai kama baa 475, maana shinikizo hupanda kwa mraba wa udogo wa chembe. Anayeanza aanze na za mikroni 3. Pampu yake itamshukuru.

Vitu vya kuandaa

Mrija wa silika wenye ganda la poliimidi, lile la rangi ya asali. Kisu cha kauri cha kukatia mirija. Hadubini yoyote inayokuza mara 40 au zaidi. Myeyusho wa potasiamu silikati, ambao maabara nyingi huuita Kasil kwa jina la kibiashara, pamoja na fomamidi. Oveni. Unga wa C18. Methanoli na asetonitraili safi za daraja la kromatografia. Beseni la ultrasoniki. Kichanganyio cha sumaku na kisumaku kidogo kabisa, kile kisichozidi punje ya mchele. Silinda ya gesi yenye regyuleta inayofikia baa 100. Hii ya mwisho uihakikishe kabla ya kuagiza vingine, kwa kuwa regyuleta za kawaida za maabara huishia chini sana ya hapo.

Halafu kuna bomu. Ndivyo tunavyoliita, ila usilitaje kwa jina hilo mbele ya askari wa getini. Ni chungu kidogo cha chuma cha pua, kina mfuniko unaofungwa kwa boliti, ndani kinakaa kijichupa cha mililita moja au mbili, ubavuni kinaingiza gesi, na juu kina tundu ambamo mrija unapita na kubanwa kwa nati na ferulu (pete ya kubania) ya plastiki ngumu. Fundi chuma mzuri anaweza kulichonga, lakini lazima lijaribiwe kwa maji kwenye shinikizo la juu kuliko utakalotumia kabla halijatiwa gesi. Maji yakivuja yanadondoka tu. Gesi ikipasua chuma inaua.

Gesi iwe heliamu au nitrojeni. Heliamu huyeyuka kwa kiasi kidogo kuliko nitrojeni ndani ya methanoli, hivyo huacha mapovu machache wakati wa kushusha shinikizo. Nitrojeni ni rahisi kupatikana na inatosha kabisa ukiwa na subira.

Kukata mrija

Kata kipande cha sentimita 25, maana utapoteza sentimita kadhaa kila upande. Laza mrija juu ya kidole au kipande cha mpira, ugusishe kisu cha kauri mara moja tu, kwa wepesi wa kuchora mstari wa penseli, halafu uvute pande mbili kwa kunyoosha. Usiukunje. Mrija uliochorwa vizuri unaachia kwa mlio mdogo wa "tik". Ukilazimika kuchora mara mbili, sogea milimita tano uanze upya.

Sasa nenda kwenye hadubini. Ncha nzuri ni duara kamili, bapa kama uso wa sarafu, na tundu jeusi katikati lina ukingo safi. Ncha mbaya ina meno, au ufa unaoingia ndani kama ufa wa kioo cha gari, au kipande cha poliimidi kinachoning'inia mlangoni. Ufa huo leo hauonekani kuwa kitu. Kesho utamwaga vumbi la silika ndani ya kolamu. Kata tena.

Friti

Friti ni kizibo chenye vinyweleo kinachozuia chembe zisitoke huku kikiruhusu kimiminika. Vaa glavu, washa kabati la kufyonza hewa: fomamidi inadhuru uzazi na inapenya ngozi, kwa hiyo hatua hii haina mzaha.

Changanya mikrolita 150 za silikati na 50 za fomamidi kwenye kichupa, tikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha zungusha kwenye sentrifyuji kidogo ili madonge yatulie chini. Chovya ncha ya mrija juujuu kwa sekunde moja au mbili tu. Kimiminika kinapanda chenyewe, na sentimita moja inatosha. Futa nje kwa karatasi laini, weka mrija kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa nne, au nyuzi 80 usiku kucha. Fomamidi ikipata joto huvunjika polepole na kupunguza makali ya alkali, na silikati inaganda kuwa silika yenye vinyweleo iliyoshika ukuta wa mrija.

Baada ya kupoa, kata friti ibaki milimita 2 au 3. Hapa wengi wanaogopa kukata karibu, wanaacha sentimita nzima, halafu wanashangaa kolamu mpya ina shinikizo la kolamu kuukuu. Mimi huandaa mirija kumi kwa mpigo mmoja na kutegemea sita au saba kuwa mizuri. Jaribu kila mmoja: fungia kwenye bomu lenye methanoli tupu, weka baa 50, tazama ncha ya friti. Tone linapaswa kukua mbele ya macho yako. Lisipokua, friti imeziba. Likitoka kwa kasi sawa na mrija usio na friti, huenda friti imeng'oka.

Uji wa chembe

Pima miligramu 25 za unga wa C18. Vaa barakoa, kwani unga huu ni laini kuliko vumbi la barabarani na unaweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Ongeza mikrolita 500 za methanoli, upate uji wa miligramu 50 kwa mililita. Usitumie maji: C18 inayachukia, unga utaelea juu kama mafuta. Weka kijichupa kwenye beseni la ultrasoniki kwa dakika 5 hadi 10, hadi uji uonekane kama maziwa yasiyo na madonge.

Kwa nini 50? Kolamu moja itakula mikrolita 8 hivi za uji huo, na kwa hesabu ya mtiririko kitanda, yaani unga uliojipanga mrijani, cha sentimita 15 kinajaa kwa muda wa robo saa hivi kwenye baa 100. Ukipunguza hadi 20 utahitaji zaidi ya nusu saa, na wakati huo chembe nzito zinapata nafasi ya kuachana na nyepesi. Zamani nilikuwa mtu wa uji mwepesi, nikiamini chembe zipangwe moja moja kwa utulivu. Nimeshabadilika.

Kushindilia

Tumbukiza kisumaku kwenye kijichupa, kiweke ndani ya bomu, funga mfuniko kwa kukaza boliti kwa mshazari, kidogo kidogo kila moja. Pitisha mrija kwa juu, mwisho usio na friti ukielekea chini. Ushushe hadi uguse chini ya kijichupa, kisha uupandishe milimita 2 au 3. Kaza nati. Kabla ya kufungua gesi, vuta mrija kwa vidole; ukiteleza, kaza tena. Mrija uliobanwa ovyo huruka kama mshale, na ndiyo maana miwani ya kinga inavaliwa kuanzia hapa hata kama umefanya kazi hii mara mia.

Washa kichanganyio kwa mwendo wa polepole. Kisumaku kinachozunguka kwa fujo kinasaga chembe, na ule unga wa kusagwa ndio utakaoziba friti baadaye. Fungua gesi hadi baa 10, sikiliza kama kuna mvujo, kisha panda hadi 100.

Weka karatasi nyeusi nyuma ya mrija na umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Sehemu tupu inapitisha mwanga na kung'aa rangi ya asali. Iliyojaa ni hafifu, kama imepakwa chokaa kwa ndani. Mpaka kati ya hizo mbili utauona ukisogea kutoka kwenye friti kuja chini. Sentimita za kwanza zinakimbia, kisha mwendo unalegea, kwa sababu kila sentimita iliyojaa ni kizuizi kwa inayofuata. Muda wa kujaza unafuata mraba wa urefu: kinachochukua dakika 15 kwa sentimita 15 kitachukua saa nzima kwa sentimita 30. Tia alama kwa kalamu ya wino mzito kila dakika tatu, uandike kwenye daftari. Kolamu ya tano utaijua mwendo wake kama unavyojua mwendo wa saa yako.

Mpaka ukisimama kabla ya wakati, tatizo mara nyingi liko mdomoni. Chembe zinajipanga kwenye ncha ya mrija ndani ya uji, zinaegemeana kama matofali ya tao, na uji hauingii tena. Gonga mrija kwa ukucha karibu na nati. Ukikataa, ushushe kidogo ili kisumaku kiuguseguse na kulivunja tao. Ukikataa tena itabidi kushusha shinikizo polepole, kutoa mrija, kukata milimita mbili za ncha na kurudia.

Jaza hadi sentimita 17 au 18. Ziada hiyo ina kazi yake.

Kushusha shinikizo

Kitanda kilichojaa kinaendelea kujipanga. Kiache kwenye baa 100 kwa nusu saa nyingine, kisha funga silinda, na ufungue valvu ya kutolea hewa kwa kiasi ambacho mshale wa geji utachukua dakika 20 hadi 30 kufika sifuri. Kitanda kilichobanwa ni kama godoro lililokaliwa: ukiinuka ghafla linaruka, na gesi iliyoyeyuka ndani ya methanoli inatoka kwa mapovu.

Siku moja nilikuwa nawahi daladala ya mwisho, nikafungua valvu kwa mkupuo. Kitanda cha sentimita 16 kikakatika vipande vitatu mbele ya macho yangu, kama muwa. Asubuhi nikakirudishia shinikizo na mapengo yakafumba, nikajipongeza. Vilele vilivyotoka vilikuwa na mabega mapana, na kolamu ile ikaishia kuwa ya kufundishia.

Kuikaza kwenye pampu

Umeshindilia kwa baa 100, lakini utaitumia kwenye 190 au zaidi. Usipoikaza sasa, itajikaza yenyewe katikati ya kazi na kuacha pengo mdomoni. Iunganishe na pampu ya nanolita, mtiririko ukielekea upande uleule ulioshindilia, friti ikiwa mwisho. Pitisha asetonitraili ya asilimia 50 yenye asidi ya fomiki asilimia 0.1, ukianza na nanolita 100 kwa dakika, ukipanda taratibu hadi baa 300, uiache kwa saa moja. Kitanda kitashuka kwa milimita kadhaa. Shusha mtiririko polepole, tazama kwa hadubini mahali kitanda kinapoanzia, kata pale pale kwenye unga mgumu hadi ibaki sentimita 15 kamili.

Usiache nafasi tupu. Sentimita moja ya mrija wa mikroni 75 isiyo na unga inabeba nanolita 44, na humo kilele chako kinajichanganya upya kabla hata hakijaanza kutenganishwa. Kwa sababu hiyohiyo mirija ya kuunganishia iwe ya mikroni 20 au 25: sentimita moja ya mikroni 25 ina nanolita 5 tu. Unapokaza kiungio hakikisha nyuso mbili zimegusana ndani. Nimeona watu wakiilaumu kolamu wiki nzima, kumbe pengo liko kwenye kiungio.

Kupima

Tumia mchanganyiko usiobadilika wa asetonitraili na maji. Ukipanda kwa gradienti, yaani kuongeza asetonitraili kadiri muda unavyokwenda, vilele vinabanwa na hesabu inakudanganya. Ingiza urasili, ambayo haishikwi na C18, ikupe muda wa kupita bure. Kwenye nanolita 300 kwa dakika utakuwa kama dakika moja na nusu. Pamoja nayo weka dutu mbili tatu zinazoshikwa, kwa mfano asetofenoni na ndugu zake wenye minyororo mirefu zaidi.

Gawa muda wa kilele kwa upana wake kwenye nusu ya kimo, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 5.54. Hiyo ni idadi ya sahani za kinadharia, kipimo cha uwezo wa kolamu kutenganisha: zikiwa nyingi ni nzuri zaidi. Mfano: kilele kimetoka dakika ya 6.0 kikiwa na upana wa dakika 0.09. Jibu ni takriban 24,600. Urefu wa kolamu ni mikroni 150,000, kwa hiyo kila sahani inachukua mikroni 6.1. Gawa kwa mikroni 3 za chembe upate 2.0. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kulinganishia kolamu zako zote, ziwe fupi au ndefu. Mbili ni kazi nzuri, tatu inatumika, tano irudi mezani.

Tazama na umbo. Kilele chenye mkia kwa dutu zote, hata urasili, kinaelekeza kwenye pengo mdomoni au kiungio. Mkia kwa dutu zenye besi peke yake ni suala la kemia ya unga, na hakuna kushindilia kutakakouondoa. Kilele kilichopasuka kileleni kinamaanisha kitanda kina ufa au mdomo wake umechimbika upande mmoja: kata milimita tatu, pima tena. Shinikizo la juu kuliko hesabu lina chanzo kwenye friti au unga uliosagwa. Likiwa chini kuliko hesabu na vilele ni vipana, kitanda hakikukaa.

Ukitaka kolamu ndefu

Chembe za mikroni 1.9 kwenye sentimita 30 zingechukua mara kumi ya muda wetu, yaani zaidi ya saa mbili kwa uji uleule. Kundi la James Jorgenson la Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, lililoripoti kromatografia ya shinikizo kubwa kupita kiasi mwaka 1997, baadaye lilipanda hadi uji wa miligramu 200 kwa mililita huku mrija ukiwa ndani ya mawimbi ya ultrasoniki muda wote wa kushindilia. Uji mzito unazizuia chembe kubwa na ndogo zisitengane, ila peke yake unaacha matundu. Mawimbi ndiyo yanayoyafumba. Mwaka 2019 watafiti wa Odense, Denmark, wakaenda mbali zaidi: uji mzito mno, mdomo wa mrija ukizama kwenye mashapo yenyewe, na kisumaku kikiugonga bila kukoma ili tao lisijengeke. Wao walitumia baa 100 tu, na sentimita 50 zikajaa ndani ya saa moja. Mbinu hii inawezekana kwa vifaa vilevile ulivyonavyo: ongeza unga, shusha mrija, acha kisumaku kigonge.

Kolamu isiyotumika jaza asetonitraili ya asilimia 50 isiyo na asidi, chomeka kila ncha kwenye kijichupa kidogo cha kimiminika hichohicho, funga kwa filamu ya parafini. Bandika karatasi yenye tarehe, namba ya unga, urefu, shinikizo la siku ya kwanza na mshale wa mtiririko. Mshale huo uandike kwanza, kabla hujaichomoa kwenye pampu.